Mama wa Jina Langu

Kuna ng'ombe mmoja wa Sigino aliyeniudhi kuliko kiumbe yeyote, ukimwondoa mdogo wangu.

Alikuwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mali ya mzee mmoja mkulima aliyeteremka kutoka milima ya Mbulu zamani, mzee mpole anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Mimi ndiye niliyempandisha. Kazi yangu ni uhimilishaji. Nazunguka na pikipiki Singe, Sigino, Nangara na vijiji vingine vya pembeni mwa Babati, nyuma nimefunga mtungi wa mbegu za madume zilizogandishwa, na kwenye begi nina glavu ndefu za kufika begani, mirija na vichupa vya dawa. Yule mtamba nilimchoma sindano ya kwanza, nikarudi baada ya wiki nikamchoma ya pili, siku mbili baadaye ya tatu, kesho yake nikampandikiza mbegu. Akanasa mara ile ile. Alizaa ndama jike bila kusaidiwa na mtu, na mzee akanipigia simu akipiga kelele kama anayeniita kutoka ng'ambo ya bonde.

"Daktari! Hii ng'ombe yangu imezaa! Na hii mtoto yake nimeipa jina lako."

Nilimshukuru. Nilipokata simu nilikaa juu ya pikipiki iliyozimwa, kando ya shamba la mbaazi, nikaona wivu. Sitanii. Nilimwonea wivu ng'ombe. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kando, anaitwa Mama na jina la mtoto wake wa kwanza, mpaka anazeeka. Kwa hiyo kuanzia siku ile yule ng'ombe alikuwa Mama wa jina langu, na mimi mwenye jina sikuwa mama wa mtu. Wala ng'ombe hakuwa wa kwanza. Mdogo wangu alikuwa amemtangulia kwa miaka minne.

Majina siyaandiki humu. La kwangu ni la kawaida tu, ukisimama stendi ukaliita watageuka wanawake watano.

Mdogo wangu nimempita miaka sita. Nimembeba mgongoni, nimemnyoa nywele, nimempeleka darasa la kwanza nikiwa nimemshika mkono. Mimi nilitangulia kuolewa, na mwalimu, tukajenga Singe. Yeye akaja kuolewa na fundi wa kuchomelea mageti, wakapanga Nangara, na kabla zawadi za harusi hazijaisha kufunguliwa alikuwa tayari anatapika. Alijifungua mtoto wa kike akampa jina langu. Ukoo mzima ukafurahi. Wakasema huyu binti ana adabu, amemheshimu dada yake. Mimi nilicheka, nikanunua kanga na beseni la mtoto, nikarudi nyumbani nikajifungia chooni.

Hawakujua alichonifanyia. Kuanzia hapo, kila nikienda sokoni nasikia mtu anaita, "Mama..." halafu jina langu. "Njoo uone nyanya, leo zimeshuka!" Na mimi nageuka. Miaka minne nimegeuza shingo, na kila nikigeuka naona siyo mimi ninayeitwa, ni yeye, amesimama na kitenge chake, mtoto mgongoni, anatabasamu. Mimi niliye hatua tatu kutoka kwake naitwa daktari. Katika Babati nzima nadhani ni mimi peke yangu ambaye sikuwahi kumwita Mama wa jina hilo. Nilimwita kwa jina lake la utotoni, na nilikuwa nalikazia, kama mtu anayegongomea msumari.

Halafu alikuwa na mdomo. Tukikaa kwenye msiba au sherehe, wanawake wakianza habari zao, yeye husema, "Jamani, mimi nikiruka tu suruali ya yule mwanaume, nimeshika mimba." Watu wanaanguka kwa kicheko. Mimi ndiye nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wote, nikiwa namchukia kwa moyo wote, na chai ya nyumbani kwake nilikuwa siwezi kuimeza.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mambo yenyewe hakuyajua. Mimi niliyasomea. Yeye ukimuuliza mimba inaanzia wapi atakuonyesha tumbo. Lakini haianzii tumboni, inaanzia kichwani. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotoa homoni moja ndogo mno, vipande kumi tu vya protini vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Homoni hiyo inasafiri safari fupi hadi kwenye tezi yenye ukubwa wa punje ya mbaazi, hapo hapo chini ya ubongo. Tezi ikiipokea, inaachia homoni zake kwenye damu, zinashuka mpaka kwenye mayai, yai linakomaa, linatoka. Mwanamke, ng'ombe, mbuzi, ni utaratibu ule ule.

Wafugaji huwa nawaeleza hivi. Ile homoni ya kichwani ni mgeni anayepiga hodi. Anapiga hodi, ananyamaza. Baada ya saa moja au moja na nusu anapiga tena, ananyamaza. Mwenye nyumba, yaani ile tezi, anamsikia na anafungua. Lakini mgeni akisimama mlangoni akapiga hodi hodi hodi bila kupumzika, mwenye nyumba anamchoka, haitikii tena. Na asipopiga hodi kabisa, hakuna atakayeamka kufungua. Dawa ninayomchoma ng'ombe ni nakala ya hodi hiyo, moja kubwa, ya kuliangusha yai kwa wakati ninaoutaka mimi. Wazee wanapenda sana maelezo haya. Siku nyingine nikifika tu, mmoja ananiuliza, "Daktari, leo unapiga hodi kwa nani?"

Na nina sharti moja ambalo limenigombanisha na wengi. Ng'ombe aliyekonda simchomi. Napitisha vidole kwenye mbavu zake, nikiona zinahesabika, nafunga begi. Ng'ombe asiye na chakula mwilini ubongo wake unanyamaza makusudi, maana akibeba mimba katika hali ile watakufa wote wawili. Kumchoma ni kupoteza dawa. Mwenye ng'ombe anabembeleza, anasema nimetoka mbali, anasema jirani yake alichomewa. Jibu langu ni lile lile: "Mlishe kwanza. Majani, pumba, mashudu ya alizeti. Akinenepa ndio uniite."

Sasa nisimulie ujinga wangu.

Kwenye kundi letu la maombi la akina mama kuna kufunga. Mwanamke mwenye shida anafunga na kuomba, na wenzake wanamshika mkono. Nilianza na Jumatano. Mdogo wangu alipopata mimba ya pili niliongeza Ijumaa. Alipojifungua, mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye mashavu, nikaacha kuhesabu siku. Nikawa nakula mara moja, jioni, kijiko cha wali au nusu kipande cha ugali, asubuhi chai ya rangi basi. Na kazi iko pale pale, pikipiki kwenye mavumbi ya Sigino, mtungi wa kushusha na kupandisha, mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani. Nikihisi kizunguzungu nilikuwa nafurahi. Nilijiambia Mungu anaona. Ukweli ni kwamba nilikuwa nashindana na mdogo wangu kwa njaa, kwa sababu huo ndio ushindani pekee ambao yeye asingeuweza, yule asiyeweza kupita muuza maandazi bila kusimama.

Na maombi yenyewe hayakuwa safi. Kwa sauti niliomba nipate mtoto. Chini chini niliomba yeye asipate mwingine kabla yangu.

Sketi zilianza kunizunguka kiunoni. Watu wakanisifia. "Daktari umependeza, mwili umekaa vizuri." Kisha mwezi mmoja sikuona siku zangu. Wewe ambaye hujakaa miaka saba unasubiri huwezi kujua. Miaka yote hiyo, kila mwezi, nilipoona damu nililia, na sasa haikuja. Nilimwambia mume wangu. Mwalimu wa watu alitoka nje akaenda kuufunga mtungi kwenye pikipiki yeye mwenyewe ili nisiunyanyue, na wiki nzima akawa ananioshea vyombo. Nilianza hata kufikiria jina. Nililitafuta lile ambalo likiitwa sokoni, hakuna mwanamke mwingine atakayegeuka.

Kipimo cha duka la dawa kilionyesha mstari mmoja. Nikanunua kingine, mstari mmoja. Mwezi wa pili damu haikuja, wa tatu haikuja, wa sita haikuja, na mimba haikuwepo. Mume wangu aliacha kuuliza. Akaanza tena kuniacha ninyanyue mtungi mwenyewe, si kwa ubaya, alikuwa hajui afanye nini. Mimi nikaongeza kufunga.

Mwishowe nilikwenda hospitali kwa siri. Nyumbani niliaga kwamba kule juu kuna ng'ombe ana joto, anataka kupandwa. Nilipimwa damu, nikapigwa picha ya tumbo, nikaambiwa nirudi kuchukua majibu. Siku ya majibu nilikaa kwenye benchi la mwisho nimejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, maana upande ule ule ndiko kliniki ya wajawazito ilikokuwa, na Babati ni mji wa kujuana.

Nesi alitoka na kadi mkononi. Kadi ilikuwa na jina langu tu. Lakini yule nesi alikuwa binti mwenye heshima, hawezi kumwita mtu mzima kwa jina kavu. Akatanguliza Mama, akalitaja jina langu, kwa sauti ya kufika getini.

Nilisimama. Na kwenye benchi la mbele, mwanamke mwingine naye akasimama, ameshika kiuno.

Tulikutana mlangoni. Alikuwa na kadi ya kliniki mkononi na tumbo la miezi minne hivi ambalo nilikuwa silijui, kwa sababu nilikuwa nimeacha kwenda kwake. Alinitazama mtandio, akanitazama uso, akashuka mpaka kwenye viatu vyangu.

"Shikamoo dada. Unaumwa?"

"Marahaba. Wameniita mimi."

"Wameita Mama..." Akataka kulitaja, akanyamaza. Alielewa pale pale. Nesi alituangalia, akaiangalia kadi, akauliza ni nani kati yetu mwenye jina hili. Nikasema ni langu. Nilisema kwa hasira, mbele ya watu wote wale, kama vile nilikuwa nagombania shamba.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu. Alisoma karatasi, akanipandisha kwenye mizani, akasoma tena.

"Kizazi chako kizima," alisema. "Mayai yapo. Tatizo la sasa ni kwamba hakuna anayeyaamsha. Homoni za kutoka kichwani ziko chini sana. Unakula nini kwa siku?"

Nilimwambia. Alipouliza kwa nini, nilimwambia hilo pia, isipokuwa ile sehemu ya chini chini. Alianza kunieleza habari za ubongo na ile tezi, taratibu, kama ninavyowaeleza wazee. Nikamkatiza.

"Hayo nayajua, ndiyo kazi yangu. Basi nichome hiyo homoni. Ninayo, iko nje kwenye pikipiki."

Alivua miwani. "Ya ng'ombe?"

"Ni ile ile. Vipande kumi, havina tofauti."

"Nisikilize. Usije ukathubutu. Mwili wako hautaki sindano kubwa ya siku moja, unataka ile homoni inayotoka kidogo kidogo kila saa irudi yenyewe kazini." Halafu akaniuliza kwa upole, na upole ndio ulioniumiza. "Na wewe, ukiletewa ng'ombe mwenye mwili kama huu wako, unamchoma?"

Nilishusha macho. Niliona mkono wangu juu ya paja, mifupa yake yote. Mkono ule umepita kwenye mbavu za ng'ombe wangapi wa Babati, na haukuwahi kupita kwenye mbavu zangu.

"Namwambia mwenye ng'ombe amlishe kwanza," nilisema.

Hakuniahidi mtoto. Alisema ile miaka ya mwanzo, kabla sijaanza kufunga, ina sababu yake ambayo itabidi itafutwe, na mume wangu naye aje apimwe. Lakini hii ya kukosa hata siku zangu imetoka kwenye njaa na mawazo, na nikila na kupumzika huenda zikarudi, ila atakayeamua lini ni mwili wenyewe.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri nje, kwenye kivuli cha ukuta, karibu na pikipiki yangu. Zamu yake ilikuwa imempita. Aliniuliza wamesema nini, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na hasira na sikuwa na mtu mwingine wa kumtupia, nilimwambia yote aliyosema daktari. Nikawasha pikipiki nikamwacha amesimama na kadi yake.

Kesho yake saa sita mchana alifika Singe na hotpoti. Makande ya mbaazi, maziwa ya mgando kwenye chupa, maparachichi mawili. Aliweka mezani, akaketi, akakunja mikono juu ya tumbo.

"Kula."

"Nitakula baadaye."

"Sijatoka Nangara kuja kuangalia meza."

Akaja siku iliyofuata, na iliyofuata. Ilikuwa mateso. Nyumba yangu mwenyewe, nakula kama mtoto, na tumbo lake liko mbele ya sahani yangu linakua wiki hadi wiki. Alikuwa anapika vizuri, hilo nalo liliniudhi. Kila tonge lilikuwa linapita kwenye koo lililojaa wivu. Siku moja, kwenye wiki ya tano au ya sita, tonge lilikataa kupita kabisa. Nikaweka kijiko chini.

"Huyo uliye naye," nikamwonyesha tumbo kwa kidevu, "niliomba usimpate. Nilifunga ili usimpate."

Nilimsubiri anyanyuke achukue hotpoti yake aende. Alilitazama tumbo, akanitazama mimi.

"Ulifunga siku ngapi?"

"Nyingi."

"Na nikashika hivyo hivyo." Alivuta sahani akaongeza makande. "Basi Mungu hakukusikia. Kula."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka, na kwa kuwa tayari nilikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo nikamuuliza na lile lingine. Kwa nini alichukua jina langu. Kwa nini, katika majina yote duniani, alilichukua hilo.

Alionekana kushangaa kweli. "Dada, niliambiwa nikizaa jina langu litakufa, nitaitwa la mtoto mpaka kaburini. Niliogopa. Nikasema kama ni lazima niitwe jina la mtu kutwa nzima, basi liwe la aliyenibeba."

Hasira zangu za miaka minne zilikuwa zimekaa juu ya kitu ambacho yeye alikitoa kwa woga wa binti wa miaka ishirini na kitu. Nisiseme uongo, wivu haukuondoka. Uliondolewa tu kiti chake, ukabaki umesimama.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Alhamisi, mchana wa jua kali, mimba yake ikiwa ya miezi minane. Alikuwa jikoni anapasha maziwa. Mimi niliingia chooni, nikaona. Damu. Kidogo, nyekundu, ile ile niliyoilaani miaka saba. Nilipiga ukelele ambao sijui ulitokea wapi.

Alikuja mbio, na tumbo lile, akajua nimeanguka. Nilifungua mlango. "Zimerudi," nilimwambia. "Siku zangu zimerudi."

Mdogo wangu alirusha kichwa nyuma akapiga vigelegele. Kimoja, cha pili, cha tatu, vya harusini kabisa, mpaka kuku wakatawanyika uani. Jirani akachungulia juu ya ukuta wa matofali, sabuni mikononi, macho yamemtoka.

"Kuna nini jamani? Amepata mimba?"

"Hapana," mdogo wangu akajibu huku anahema. "Dada yangu ameona siku zake!"

Jirani alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Haya," akasema. "Hongereni."

Tulicheka mpaka yeye akalazimika kuketi kwenye ngazi, ameshikilia tumbo kwa mikono miwili. Nililitazama lile tumbo. Hadi leo ninapoandika bado sijaitwa Mama yeyote, na siku ile pia nilijua kwamba huenda nisije nikaitwa. Wivu ulikuwepo pale pale, ninaufahamu ninavyofahamu kiganja changu. Lakini mahali fulani chini ya ubongo wangu kulikuwa kumepigwa hodi, ikanyamaza, ikapigwa tena, bila mimi kujua, wiki nyingi nilizokuwa nakula chakula cha mtu niliyemwombea mabaya. Na nilikuwa na njaa. Niliketi karibu yake kwenye ngazi.

"Mama..." nikamwambia, kisha, kwa mara ya kwanza tangu azae, nikalitaja lile jina, jina langu mwenyewe, mdomoni mwangu. "Kuna makande yamebaki?"